Baki Moja

Mkataba tuliuandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita,
mezani kwa Sista Skolastika, pale Cheyo.
Wino wa buluu, sahihi tatu:
yeye muuguzi wa Kitete,
Mwalimu Zamda wa darasa la pili,
na mimi mkata tiketi wa stesheni,
ambaye mke wangu yuko Mwanza masomoni,
kaniachia mtoto, begi la nguo, na maelekezo.

Yaya mmoja, watoto watatu.
Mshahara tugawe kwa tatu.
Jumatatu na Jumanne kwa Sista,
Jumatano na Alhamisi kwa Mwalimu,
Ijumaa kwangu, Jumamosi kwa mwenye shida zaidi.
Sabuni kila mtu na yake.
Jumapili tuliiacha wazi,
tukasema tutaijaza baadaye.

Milembe hakuulizwa kitu.
Alisimama mlangoni, Gaudensia mgongoni,
Nassoro kang'ang'ania kanga,
Nyanzobe wangu kalala begani kama kigunia cha karanga,
na kwa mkono uliobaki
akarudishia mlango, mbu wasiingie.

Tulikuwa hodari wa hesabu.
Nassoro akiomba uji tena, tulitazamana.
Sista akichelewa kutoka zamu, Mwalimu alihesabu dakika.
Mimi, nakiri,
nilipima mafuta ya kula kwa kijiti.

Watoto hawakujua kugawanya.
Waligombea kijiko kimoja, vingine viwili vikiwatazama.
Waliambukizana mafua, wakaambukizana chawa,
wakaambukizana maneno,
hata wangu akawa anamwita "mayu"
kila mwanamke aliyepita njia.
Alimwita hivyo muuza michembe,
na muuza michembe akaitika.

Kisha Alhamisi moja, treni imechelewa,
sauti ikaja dirishani, naijua kabla ya uso:
"Nusu tiketi, Usoke kuja hapa, ni bei gani?"
Nikataja bei.
"Na akipakatwa?"
"Akiwa mdogo wa kupakatwa, halipi."
"Si mdogo sana," akasema. "Ila ni mwepesi."

"Mtoto wa nani, Milembe?"
Alikuwa ananyoosha noti kwa kucha.
"Wangu. Shija."

Mtu wa Tabora hahitaji kuuliza zaidi.
Shija hufuata mapacha.
Kabla yake kuna Kulwa, kuna Doto,
na yeye kaulizia nusu tiketi moja tu.
Nikagonga muhuri pasipo na karatasi.
Nyuma yake foleni ikaguna.

Mwaka na miezi minne
tunamgawa huyu kwa tatu,
na hakuna aliyeuliza
namba yenyewe ilikuwa ngapi.

Usiku ule tukaigeuza kalenda.
Sista akasema nyumba zetu ni ndogo.
Akasema tena, polepole, kama anayejisikiliza.
Mwalimu Zamda akauliza unga atanunua nani,
kisha akakaa kimya, kisha akacheka bila furaha:
"Nne kwa tatu. Inaingia moja, inabaki moja.
Kila siku nawaambia watoto wa watu:
baki usiitupe, iandike pembeni."

Nikachukua kalamu.
Jumapili: *Milembe, siku yake.*
Pembeni, kwa herufi ndogo, maana nafasi ilikuwa ndogo:
*Shija.*
Kuhusu unga tulibishana hadi saa tano,
na bado tunabishana.

Treni ya kutoka Kigoma huingia usiku inapotaka yenyewe.
Leo niko zamu.
Mjomba mtu kapiga simu, wamepanda,
mtoto kavaa sweta la kuazima.
Nyanzobe analala kwa Sista, wote watatu mkeka mmoja.

Milembe yuko kwenye benchi, chini ya taa inayokonyeza.
Ni mara ya kwanza naiona mikono yake mitupu.
Anaiweka magotini,
anaiondoa,
anaikunja kwenye kanga, anaikunjua,
hajui mikono isiyo na mtoto
huwekwa wapi.